Unafanya Kazi Gani?



Leo nataka tutafakari swali tunaloulizwa kila mara: "Siku hizi unafanya kazi gani?" Ukijibu daktari au mwanasheria, unasogezewa kiti. Ukijibu bodaboda au genge la nyanya, mazungumzo yanaishia hapo. Nawafahamu vijana walioacha kuja jumuiyani kwa sababu ya swali hilo tu.

Si kwetu peke yetu. Mwaka 1947 huko Marekani, watafiti waliwauliza watu wanavyoziheshimu kazi 90. Jaji wa Mahakama ya Juu akawa wa kwanza, mpiga kiwi viatu akawa wa mwisho. Ngazi hiyo ipo, tusijidanganye.

Hata Bwana wetu alipimwa kwayo. Soma Marko 6:1-6. Watu wa Nazareti walishangazwa na hekima yake, lakini walipokumbuka kwamba ni seremala wa pale pale kwao, wakachukizwa naye. Sasa angalia hasara ilimpata nani. Yesu aliponya wagonjwa wachache tu, akaenda vijiji vingine. Wenye dharau ndio waliobaki na magonjwa yao.

Kanisa linatufundisha nini? Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei. Papa Yohane Paulo II, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe na kiwandani, aliandika mwaka 1981 waraka uitwao Laborem Exercens. Humo anafundisha kwamba thamani ya kazi haipimwi kwanza kwa aina yake, bali kwa kuwa anayeifanya ni mtu. Yaani mtu ndiye anayeipa kazi heshima. Utu wake alishapewa na Mungu kabla hajaajiriwa.

Simaanishi tusisome au tusitafute kazi yenye kipato kizuri. Soma, tafuta, na ujira wa haki udai. Kumwita mtu "ndugu" huku unampunja malipo yake si heshima.

Zoezi la wiki hii: je, unamjua kwa jina anayefagia kanisa lenu? Kama humjui, Jumapili muulize, kisha umsalimie kwa jina hilo. Na wewe uliyeacha jumuiya kwa kuona aibu, rudi. Nafasi yako ipo.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.