Dashibodi Ikizima: Pima Kwanza Kabla ya Kununua Nyingine

Kila mwenye gari la miaka mingi hapa Londiani anaijua dawa ya dashibodi iliyozima: ni kofi. Unaipiga juu mara mbili, mishale inaruka, taa zinarudi, na safari inaendelea hadi Kedowa, ambako inazima tena. Mimi mwenyewe niliendesha hivyo karibu mwezi mzima. Asubuhi ya ukungu mishale yote ililala kwenye sifuri, jua likitoka saa tano inaamka, na nikajiambia kwamba gari limezoea baridi yetu.

Hatimaye nilimpelekea fundi mmoja nje ya kaunti. Hakufungua kitu. Aliangalia, akatikisa kichwa, akasema dashibodi imekufa na kwamba anaye mtu mwenye nyingine iliyotumika. Nililipa shilingi 9,500. Siku ya tatu, kwenye baridi ile ile, dashibodi mpya nayo ikazima. Mzee mmoja wa jua kali hapa mjini ndiye aliyeupata ugonjwa wenyewe: waya wa ardhi, ule unaofungwa kwa skrubu kwenye bodi ya gari, ulikuwa umeshika kutu na kulegea karibu na mguu wa kulia wa dereva. Aliukwangua kwa msasa, akaukaza, akaniomba shilingi 300.

Ndiyo sababu ya somo la toleo hili. Mwenye gari anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii nyumbani, mchana, gari likiwa limesimama mahali tambarare na breki ya mkono imevutwa. Vifaa si vingi: bisibisi, testa ya umeme ya kupimia volti, msasa laini, fyuzi chache na simu ya kupigia picha.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba dashibodi haipimi chochote. Inasoma tu. Kiasi cha petroli kinapimwa na boya lililo ndani ya tangi, joto linapimwa na sensa iliyo kwenye injini, presha ya oili na swichi ndogo iliyokazwa kwenye injini, na mwendo na sensa iliyo kwenye giaboksi au kwenye magurudumu. Habari hizo husafiri kwa waya. Dashibodi yenyewe inahitaji umeme unaoingia kupitia fyuzi na kurudi kupitia waya wa ardhi. Kwa hiyo mshale ukilala, makosa yanaweza kuwa mahali pengi, na dashibodi ni mahali pamoja tu kati ya hapo.

Anza na ufunguo. Ugeuze hadi kwenye ON bila kuwasha injini, kisha utazame taa za onyo. Ya oili, yenye picha ya birika, lazima iwake. Ya betri lazima iwake. Ya injini, ya mfuko wa hewa na ya ABS, kama gari lako linazo, nazo ziwake. Hizi mbili za mwisho huweza kuzima zenyewe baada ya sekunde chache, na hiyo ni sawa. Washa injini, na taa zote hizo zizime. Vuta breki ya mkono uone kama taa ya breki inaitika. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na linakuambia mambo ambayo muuzaji wa gari hakukuambia. Kuna watu huondoa balbu ya taa ya injini au kuibandika karatasi nyeusi ili gari lionekane zima. Taa isiyowaka kabisa kwenye ON inapaswa kukutia wasiwasi kuliko ile inayowaka.

Taa ya betri ina siri yake. Katika magari mengi ya zamani, umeme mdogo unaoamsha alternata hupita kwenye balbu hiyo hiyo. Balbu ikiungua, alternata inaweza kukosa kuanza kuchaji, na wewe utanunua betri mpya bure.

Kama dashibodi nzima imezima, nenda kwenye fyuzi. Kisanduku chake huwa chini ya usukani au pembeni mwa miguu, kingine chini ya boneti. Katika Toyota nyingi, fyuzi ya dashibodi imeandikwa GAUGE au METER, na ile ya taa ndogo za usiku imeandikwa TAIL au PANEL. Zima gari, ing'oe, iangalie kwenye mwanga. Ukiona kiwaya cha ndani kimekatika, weka nyingine ya nguvu ile ile: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, manjano 20. Ikiungua tena papo hapo, kuna waya unaogusa bodi mahali fulani, na huo ndio wa kutafutwa. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara, wala kipande cha waya wa fensi. Fyuzi huungua ili waya zisiungue.

Fyuzi ikiwa nzima, fuata waya wa ardhi. Dalili zake ni za kuchekesha kidogo: ukiwasha taa kubwa, mshale wa petroli unashuka, ukiwasha indiketa, taa za dashibodi zinapepesa nayo. Mishale yote ikicheza kwa pamoja, usiilaumu mmoja mmoja. Hapa kwetu, kwenye urefu wa mita kama 2,300 kutoka usawa wa bahari, ukungu huingia kila mahali, na maji yanayotuama chini ya zulia la gari hula skrubu hizo polepole. Kwangua, kaza, paka grisi kidogo juu.

Mshale mmoja peke yake ukigoma, shida mara nyingi iko upande wa sensa. Wa petroli ukikwama, katika magari mengi madogo utapata kifuniko cha tangi chini ya kiti cha nyuma na plagi juu yake. Chomoa plagi hiyo, mtu mwingine atazame mshale ukiwa kwenye ON. Ukihama kutoka pale ulipokuwa umekwama, dashibodi na waya vinafanya kazi, na boya ndilo bovu. Ishia hapo. Kufungua tangi lenyewe si kazi ya nyumbani. Mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya cheche moja.

Wa joto una hila zaidi. Gari nyingi ndogo za Kijapani hazina mshale wa joto, zina taa mbili tu: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidi moto. Kumbuka pia kwamba kwa urefu wa Londiani maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi kama 92, si 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni presha inayoshikiliwa na kifuniko chake. Kifuniko kikilegea, injini inaweza kuanza kuchemka huku mshale ukiwa bado katikati. Dereva analaumu dashibodi ilhali imesema kweli.

Sasa mwendo, ambao ndio ninaotaka tukae nao. Jioni ya Ijumaa, Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika Londiani Junction, likagonga magari na wafanyabiashara waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Sisemi dashibodi ilihusika; siandiki kuhusu chanzo cha ajali ile. Ninaitaja kwa sababu sote tunaopita pale tunajua ule mteremko, na tunajua jinsi gari linavyoongeza kasi polepole bila mwili kuhisi, hasa kwenye ukungu ambapo hakuna mti wala mlingoti wa kulinganisha nao. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa katika miji na masoko, na 80 kwa matatu na malori barabarani. Dereva ambaye mshale wake umelala kwenye sifuri anafuata sheria hiyo kwa kubahatisha.

Pikapu na magari ya zamani ya shambani yana kebo inayozunguka kutoka giaboksi hadi kwenye mita. Mshale ukirukaruka, kebo imekauka. Ichomoe, ipake grisi. Ukilala kabisa, imekatika. Magari ya baadaye hutumia sensa. Mshale ukizima pamoja na taa ya ABS kuwaka, anza kwenye magurudumu: tope la barabara zetu za ndani huganda kwenye sensa, na waya wake hukatwa na mawe. Kwa matatu kuna la ziada. Kidhibiti mwendo huchukua habari kutoka kwa sensa hiyo hiyo, na kiungo cha waya kilichofungwa vibaya wakati wa kukiweka kinaweza kuzima mita. Hapo usikate wala kuunga mwenyewe; rudi kwa wakala aliyeidhinishwa na NTSA, maana kuchezea kidhibiti mwendo ni kosa.

Mita inayosoma inaweza pia kusoma uongo. Mpe abiria simu yenye programu ya kuonyesha mwendo kwa GPS, endesha kwa mwendo mmoja mahali tambarare, alinganishe yeye, wewe utazame barabara. Kanuni za kimataifa za watengenezaji zinaruhusu mita kuzidisha kidogo, lakini haziruhusu ipunguze. Ukikuta simu inasema 88 na mita inasema 80, angalia magurudumu. Wengi wetu huweka tairi kubwa kwa ajili ya matope. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na mita haina habari.

Ikiwa fyuzi, waya wa ardhi na sensa vyote ni vizima, sasa ndipo dashibodi ifunguliwe. Andika kilomita zilizosomwa na upige picha. Ondoa waya wa upande hasi wa betri na usubiri dakika mbili au tatu, kwa sababu mfuko wa hewa ulio kwenye usukani hubaki na umeme kwa muda. Plagi za rangi ya manjano ni zake: usizipime kwa testa, usizichomoe. Teremsha usukani, vuta fremu ya plastiki iliyoshikwa kwa klipu, fungua skrubu, mara nyingi tatu au nne, kisha ivute dashibodi kwako taratibu. Nyuma kuna plagi zenye ulimi wa kubonyeza. Piga picha tena kabla ya kuchomoa.

Ilaze juu ya kitambaa safi. Balbu za nyuma huzungushwa robo duara na kutoka. Ile iliyoungua ina weusi ndani, na mpya iwe ya wati zile zile, kwani kubwa zaidi huyeyusha plastiki. Safisha pini za plagi kwa spiriti. Kisha chukua kioo cha kukuza uangalie pale pini zinapokutana na bodi ya saketi. Lehemu iliyopasuka huonyesha kijiduara chembamba cheusi kuzunguka pini. Nyufa hizo ndizo huachana kwenye baridi na kugusana jua likipanda, na ndizo huitikia kofi. Mwenye mkono mtulivu na kifaa cha kulehemu cha wati 30 hadi 40 anaweza kuziyeyusha upya kwa sekunde mbili tatu kila moja. Kijana anayesomea ufundi wa magari au wa umeme katika chuo chochote cha ufundi cha kaunti anaweza kukusaidia hapa, na afadhali ajifunzie kwanza kwenye redio kuukuu kuliko kwenye gari lako. Mishale usiiguse, wala usiizungushe kwa kidole. Injini ndogo zilizo nyuma yake huharibika, na ukiing'oa ni kazi kuirudisha mahali pake sawasawa.

Kubadilisha dashibodi nzima ni hatua ya mwisho, na ina mambo mawili ambayo sikuambiwa nilipolipa zile 9,500. Katika baadhi ya magari ya Ulaya, dashibodi ndiyo inayoutambua ufunguo. Ukiweka ya gari lingine, injini haiwaki. La pili ni kilomita. Hesabu hiyo kwa kawaida hukaa ndani ya dashibodi yenyewe, kwa hiyo gari langu lililokuwa limetembea kilomita 148,000 lilijikuta na 61,000 kwa siku moja. Ningeliuza hivyo bila kumwambia mnunuzi, ungekuwa wizi. Anayebadilisha aandike tarehe na namba zote mbili, aziweke pamoja na karatasi za gari, amwonyeshe mnunuzi.

Ziko taa ambazo hazingoji uchunguzi wowote. Ya oili ikiwaka ukiwa safarini, egesha na uzime injini hapo hapo. Dakika chache za kuendelea zinaweza kuiua. Ya breki ikiwaka wakati breki ya mkono imeachiliwa, usishuke nayo mteremko wa Chepseon ukitumaini ni waya. Ya mfuko wa hewa ni ya fundi mwenye mashine ya kusoma makosa, si ya bisibisi.

Ukimaliza, rudisha betri, rudia lile jaribio la ufunguo taa moja baada ya nyingine, kisha endesha polepole mwendo mfupi. Halafu ngoja asubuhi yenye baridi kali ujaribu tena. Gari langu limepita asubuhi nyingi za namna hiyo likiwa na dashibodi yake ya kwanza. Ile ya shilingi 9,500 iko ndani ya katoni juu ya kabati, na bado inasoma 61,000 na ushee.