Bastola ya Kujilinda: Kulenga kwa Jicho au kwa Mkono?
Wanaotafuta mafunzo ya bastola hutuuliza iwapo ni lazima kutazama alama za kulengea zilizo juu ya mtutu. Fairbairn na Sykes, waliohudumu katika polisi ya Shanghai, waliandika mwaka 1942 kwamba adui akiwa hatua chache, bastola ielekezwe tu, mithili ya kidole. Jeff Cooper wa Marekani alisisitiza mikono miwili, na jicho kwenye alama ya mbele. Sisi twaona anayeanza atangulize jicho, kwani risasi iliyokosea yaweza kupenya ukuta wa mabati na kumpata jirani, na mwenye leseni ndiye atakayeijibia. Kabla ya kulipa ada, mwulize mkufunzi utafyatua risasi ngapi uwanjani.