Uzamivu wa sheria au ofisi yangu?

Shangazi, mimi ni wakili, nina miaka 34, nimeajiriwa katika ofisi moja huku Magogoni. Uzamili wa sheria nimeshamaliza, sasa natamani uzamivu. Mume wangu anasema nitapoteza miaka na hela, bora nifungue ofisi yangu. Halafu kila nikipita kwa mama, mwenye fremu ya vitenge Mtaa wa Congo, wapangaji wenzake wananiuliza habari za kilemba, ile hela anayolipwa mpangaji anayeachia fremu, nami sina jibu la kuwapa. Nifanyeje?
Wakili, Magogoni

Mwanangu, mumeo ana hoja. Kusimama mahakamani hakudai uzamivu. Uwakili ulionao unatosha. Kama unachotaka ni kuitwa Dokta tu, msikilize, ufungue ofisi.

Lakini hilo la kilemba umelitaja kama jambo la pembeni, na mimi naona ndilo lenyewe. Mama wa watu anatoa mamilioni kumpa mpangaji anayeondoka, mara nyingi bila risiti. Mkataba wa pango haukitaji kilemba hicho. Kesho mwenye nyumba anataka kubomoa apandishe ghorofa, na hela imekwenda. Anamdai nani? Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, na biashara ya fremu haikusimama kusubiri nyingine. Hapo pana kazi ya miaka, tena kazi yenye wenyewe wanaoingoja.

Utafiti wa sheria unaoanzia kwa watu si jambo geni kwetu. Issa Shivji alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1982 kwa kuchunguza sheria, dola na wafanyakazi wa Tanzania, na kazi ile ikatoka kitabu mwaka 1986. Kitivo chenyewe cha sheria kilianzia Mtaa wa Lumumba mwaka 1961, katika jengo la TANU, mwendo wa miguu tu kutoka kwa mama yako.

Kazi usiache. Andika kurasa chache za andiko: swali lako, na kesi za pango ulizozisoma. Hukumu zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII. Kisha mtafute msimamizi kabla ya kulipa ada, umuulize bila aibu: ana wanafunzi wangapi, na sura ukimpelekea anairudisha baada ya muda gani? Nakusisitizia hili kwa sababu nimeona watu wenye akili wakikaa miaka wakisubiri sura moja irudi, mpaka hamu ikawaisha. Chuo Kikuu Huria nacho kipige hodi, kwa kuwa kimezoea wanafunzi walioajiriwa.

Mumeo usimbembeleze kwa maneno. Mwekee mezani ada, miaka, na nani atalipa nini, mkae mpige hesabu pamoja.

Ukipata msimamizi anayelitaka swali la kilemba, jisajili. Usipompata, usijisajili bado.