Safari ya Firenze na pesa za Umra

Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 20, mzaliwa wa Mombasa. Tulihamia Columbus, Ohio, nikiwa darasa la sita, na sasa niko mwaka wa pili chuoni nikisomea lishe. Kiangazi kijacho chuo chetu kinapeleka wanafunzi Firenze, Italia, kwa wiki sita. Asubuhi tutasoma historia ya sanaa katika makumbusho na makanisa; mchana ni somo la chakula na utamaduni, pamoja na kupika. Nimeomba nafasi na nimekubaliwa.

Gharama ni dola 6,800 bila tiketi ya ndege. Nimeweka akiba ya dola 2,500 kutokana na kazi yangu ya maktaba. Mama anatulea peke yake. Anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na kila mwezi anamtumia bibi pesa Mombasa. Nilipomtajia safari alisema hajapata kuona mtu akivuka bahari kwenda kutazama masanamu yaliyo uchi na kula makaroni, tena katika nchi ya nguruwe na mvinyo. Baada ya wiki nikamwambia chuo kimesema safari ni ya lazima, na nisipokwenda sitahitimu. Si kweli. Ni kozi ya hiari.

Mama alinyamaza siku nzima. Usiku, kabla ya kwenda kazini, aliingia chumbani akasema kama ni lazima, basi nichukue pesa alizokuwa akidunduliza za kwenda Umra. Tangu siku hiyo silali vizuri. Arbuni inatakiwa mwisho wa mwezi. Rafiki zangu wanasema nichukue tu, nitamrudishia nikipata kazi. Nami nataka sana kwenda. Je, ni upuuzi mtoto wa mama anayekesha kazini kutaka kusomea michoro na chakula? Na nifanyeje na pesa zile? Tuna kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, lakini pasipoti yangu ni ya Kenya.

Mwenye Deni, Columbus

*

Mwanangu,

Umeuliza maswali mawili. Naanza na la pesa, kwa sababu tarehe yake imekaribia.

Pesa za Umra usizichukue, hata kwa nia ya kuzirudisha. Mama yako hakuzitoa kwa ajili ya Firenze. Alizitoa ili mwanawe asikose shahada, na hatari hiyo haipo. Ridhaa aliyokupa imesimama juu ya jambo lisilo la kweli, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana hulali. Rafiki zako wanahesabu dola peke yake. Hawahesabu kwamba aliyekesha miaka yote hiyo akiwageuza wazee wa watu kitandani ana hamu yake ya kuiona Al-Kaaba akiwa bado na nguvu za kuizunguka kwa miguu yake mwenyewe. Nguvu hizo hazitangoja mpaka upate kazi.

Kwa hiyo mwambie ukweli kabla ya tarehe ya arbuni. Chagua siku asiyokuwa na zamu, awe ameshalala akaamka, na amekula. Usimwambie akiwa anavaa viatu kwenda kazini, wala usimwandikie ujumbe wa simu. Kaa naye umwambie: "Mama, nilikudanganya. Safari si ya lazima. Niliogopa utakataa. Pesa zako za Umra sitazichukua. Nisamehe." Ukishasema hayo, nyamaza umsikilize. Usiunganishe maneno hayo na ombi la safari siku hiyohiyo, maana msamaha unaofuatwa na ombi huonekana kama chambo. Atakasirika, na ana haki. Njia ya mwongo ni fupi: Waswahili wa Columbus wanajuana, na mama mwingine mwenye mtoto chuoni hapo angemwambia siku moja kwamba kozi ile ni ya hiari. Afadhali alisikie kwako.

Siku kadhaa zikipita, ndipo umpelekee hoja ya safari. Hoja unayo, tena nzito. Si upuuzi hata kidogo mtoto wa mama anayekesha kutaka kusomea sanaa na chakula, na naomba aibu hiyo uiweke chini.

Tazama mji wenyewe ulivyojengwa. Ujenzi wa kanisa kuu la Firenze ulisimamiwa na chama cha wafanyabiashara wa sufu. Kuba lake kubwa, alilolibuni Filippo Brunelleschi, lilianza kujengwa mwaka 1420 na kukamilika 1436. Lina matofali zaidi ya milioni 4, na lilipanda bila jukwaa la mbao la kulishikilia kutoka chini, kwa sababu mafundi waliyapanga matofali kwa mtindo uliowezesha kila duru kujishikilia yenyewe. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna jengo jingine la Brunelleschi, Ospedale degli Innocenti, lililoanzwa 1419 kwa fedha za chama cha wafanyabiashara wa hariri. Lilikuwa makao ya watoto wachanga waliotupwa, na watoto hao walinyonyeshwa na wanawake walioajiriwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1988 UNICEF ilifungua humo kituo chake cha utafiti. Wewe unayesomea lishe, ukisimama kwenye baraza ya jengo hilo utakuwa ndani ya fani yako.

Kuhusu masanamu, usimcheke mama wala usimfiche kitu. Mwambie kwamba sanamu maarufu kuliko yote mjini humo ni ya Daudi, yule aliyemuua Jaluti, kisa alichokufundisha yeye mwenyewe. Michelangelo aliichonga kati ya 1501 na 1504 kutoka bonge la marumaru ambalo wachongaji wengine walikuwa wameliacha. Ina urefu wa mita 5.17, na ilisimama mbele ya jumba la serikali mpaka 1873, kwa sababu watu wa Firenze waliiona kama alama ya mji mdogo usiowaogopa wakubwa. Ndiyo, iko uchi, na mwambie hivyo. Utaiangalia kama unavyoangalia mchoro wa misuli na mishipa katika somo la mwili wa binadamu. Na mahali ambapo moyo wako unakataa, hakuna mwalimu atakayekushika kichwa utazame.

Kisha mwambie jambo ambalo pengine hajalisikia. Katika jumba la makumbusho la Uffizi kuna picha ya Gentile da Fabriano ya mwaka 1423, inayoonyesha mamajusi wakimzuru mtoto Isa. Duara la nuru lililozunguka kichwa cha Bi Maryamu limepambwa kwa maandishi yanayoiga Kiarabu. Wachoraji wa Italia walikuwa wakiviona vyombo vya shaba na vitambaa vilivyoletwa na biashara kutoka Misri na Sham, wakavutiwa na herufi zake. Katika Uffizi pia kuna picha za Alessandro de' Medici, mtawala wa kwanza wa Firenze kupewa cheo cha utemi wa kurithi, aliyeuawa 1537. Wanahistoria wengi wanaamini mama yake alikuwa mtumishi mwenye asili ya Afrika. Msichana Mwislamu wa Mombasa ana la kutafuta katika kumbi hizo, na macho yake yataona mambo ambayo mwenzake wa darasani atayapita.

Chakula ndicho kitakachokufaa zaidi kikazi. Usikubali mtu akwambie kwamba unakwenda kula makaroni. Mapishi ya Toskana ni mapishi ya watu wasiotupa kitu. Mkate wao hauna chumvi, na ukikauka haupelekwi jaani. Hupikwa na nyanya ukawa pappa al pomodoro, huchanganywa na nyanya mbichi na vitunguu ukawa panzanella, au hutiwa katika ribollita, supu ya maharagwe meupe na mboga nyeusi ya majani iliyo ukoo mmoja na sukuma wiki yetu. Watu wa Firenze hula hata tumbo la nne la ng'ombe, lampredotto, likiuzwa mtaani kwenye vigari. Hapo ndipo somo lako lilipo: namna watu wa kipato kidogo walivyojishibisha kwa maharagwe, mboga na mafuta ya zeituni. Ulaji wa Mediterania uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010, na Italia ni mojawapo ya nchi zilizouwasilisha. Mtaalamu wa lishe aliyejifunza jikoni, na si vitabuni tu, atajua kumshauri mgonjwa wa kisukari ambaye hawezi kuacha ugali wa mama yake.

Lakini hofu ya mama kuhusu haramu ni ya kweli, nayo inahitaji maandalizi. Prosciutto, salame, mortadella, guanciale na lardo vyote ni nguruwe. Strutto ni mafuta ya nguruwe, na huweza kuwamo ndani ya mkate usioudhania. Peposo ni nyama ya ng'ombe, lakini huchemshwa katika mvinyo mwekundu. Mchuzi wa ragù mara nyingi hutiwa mvinyo pia, tiramisù huweza kuwa na pombe, na panna cotta hugandishwa kwa jelatini ambayo aghalabu hutokana na nguruwe. Hata ribollita uliza kama haikuchemshwa na mfupa wa nguruwe. Andikia waandaaji wa programu sasa, kabla ya kulipa, uwaulize mambo matatu: kama somo la kuonja mvinyo, likiwamo, linaweza kubadilishwa na zoezi jingine bila kupunguziwa alama, kama utaruhusiwa kupika bila nguruwe, na kama malazi yana jiko. Jibu lao, liwe la maandishi, ndilo utakalomwonyesha mama. Firenze ina Waislamu kutoka Morocco, Senegal na kwingineko, kwa hiyo nyama halali na mahali pa kuswali Ijumaa utapata ukiulizia. Mwambie pia kwamba kuingia kanisa kuu kunataka mabega na magoti yafunikwe. Mavazi yako ya kila siku yanatosha.

Sasa hesabu. Nenda ofisi ya msaada wa masomo kabla ya kwenda benki. Uliza kama unastahili Pell Grant, msaada wa serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo; fahamu kwamba wakaazi wa kudumu wanaruhusiwa kuipata, na kwamba inaweza kulipia hata masomo ya ng'ambo mradi chuo chako kinazihesabu kozi hizo kuelekea shahada. Hilo ndilo swali la kwanza: je, kozi hizi zitaingia kwenye shahada ya lishe, au zitaelea pembeni? Ufadhili wa Gilman wa masomo ya ng'ambo, ambao wengi watakutajia, ni wa raia wa Marekani peke yao, basi usiuwekee matumaini mwaka huu. Kwa pasipoti ya Kenya utahitaji viza ya Schengen, na kadi yako ya ukaazi haikuondolei sharti hilo. Ada yake ni yuro 90, unahitaji bima ya afya isiyopungua yuro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Usingoje dakika ya mwisho, kwani miadi ya ubalozi mdogo hujaa. Ongeza nauli ya ndege na chakula ambacho programu hailipii. Kwa akiba ya 2,500 dhidi ya 6,800 bado uko mbali, na mkopo mkubwa kwa wiki sita sikushauri.

Kama ruzuku na Pell vitajaza pengo, na mama akikubali kwa moyo safi, nenda, usome kwa bidii, na usiombe radhi kwa mtu. Kama hesabu haifiki, subiri. Utakuwa mwaka wa tatu kiangazi kinachofuata, na bado utakuwa mwanafunzi. Kama umekuwa mkaazi wa kudumu kwa miaka 5, na kwa kuwa umetimiza miaka 18, muulize wakili wa uhamiaji kuhusu kuomba uraia. Katiba ya Kenya ya 2010 inakuruhusu kubaki Mkenya. Ukiupata uraia, mlango wa Gilman unafunguka ukiwa unapata Pell, na viza ya safari fupi kama hii huihitaji tena.

Na jambo moja nakuomba lifanyike vyovyote itakavyokuwa. Siku mtakayozungumza kuhusu Firenze, muulize kwanza anataka kwenda Umra mwezi gani. Kaeni pamoja, mpige hesabu ya nauli yake na ya likizo yake kazini, muiandike tarehe hiyo, halafu ndipo mtafute nafasi ya safari yako kando yake. Akiona umeitanguliza safari yake, ataisikiliza yako kwa sikio jingine. Radhi ni bora kuliko mali, na ukiwa na radhi yake, hata ukichelewa mwaka mmoja hutakuwa umepoteza kitu.

Niandikie tena ukishaongea naye.

Shangazi