SOMO LA FALAKI: NYOTA YA KINYWA CHA SAMAKI

Ndugu wanafunzi, katika somo hili tumeichagua nyota ambayo jina lake mnaweza kulifasiri wenyewe. Vitabu vya Kizungu huiandika Fomalhaut, lakini asili yake ni Kiarabu: fam al-hut, yaani kinywa cha samaki. Mwezi wa Oktoba, yapata saa tatu usiku, itazameni juu upande wa kusini. Ni nyeupe, na karibu yake hakuna nyota nyingine kali. Iko mbali nasi miaka 25 ya mwanga.

Nyota hii ni changa. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka milioni 440, na jua letu lina miaka milioni 4,600. Nyota inapozaliwa huzungukwa na sahani ya gesi na vumbi, na humo ndimo sayari hufanyika. Gesi ikishaondoka, hubaki mawe na barafu vinavyogongana na kusagika. Vumbi jembamba husukumwa nje na mwanga wa nyota. Basi tukiliona leo, tunajua kuwa migongano ingali ikiendelea.

Mwaka 1983 chombo cha anga IRAS kilipima joto la vumbi hilo. Mwaka 2005 picha za darubini ya Hubble zikaonyesha pete ya vumbi, lakini nyota haikuwa katikati yake. Je, nani ameivuta pete upande?

Mwaka 2008 ilitangazwa kuwa imeonekana sayari karibu na pete hiyo. Wengi walifurahi. Lakini picha zilizofuata zilionyesha nukta ile ikitanuka na kufifia mpaka ikatoweka, na sayari haifanyi hivyo. Mwaka 2020 András Gáspár na George Rieke, wa Chuo Kikuu cha Arizona, walieleza kuwa lilikuwa wingu la vumbi lililotokana na miamba miwili kugongana.

Tena nyota hii haiko peke yake. Ina wenza wawili, na wa pili alitambuliwa mwaka 2013. Huyo ni nyota ndogo nyekundu, uzito wake haufiki hata sehemu moja ya tano ya uzito wa jua, na macho matupu hayaioni. Iko mbali na mkubwa wake kiasi cha miaka 2.5 ya mwanga. Ilijulikanaje kuwa ni mwenza? Umbali wake kutoka kwetu ulipimwa, na mwendo wake angani pia, vyote vikalingana na vya mkubwa wake. Darubini ya Herschel ikaona kuwa nayo ina ukanda wa vumbi. Baadhi ya wataalamu wanasema huenda wenza hawa waliwahi kukaribia na kuivuruga pete. Hiyo ni rai, haijathibitishwa.

Mwaka 2023 darubini ya Webb ilionyesha kanda tatu za vumbi badala ya moja, na huenda sayari zisizoonekana ndizo zinazozitenga.

Funzo letu ni hili: tusichanganye dhana na yakini. Aliyeona nukta aliona kweli. Kuiita sayari kulihitaji ushahidi zaidi, na ushahidi ulipokuja hukumu ikabadilika.

Maswali
1. Kwa nini vumbi tunaloliona leo haliwezi kuwa la zamani?
2. Taja mambo mawili yanayothibitisha kuwa nyota fulani ni mwenza wa nyingine.
3. Ni dalili gani zilizoonyesha kuwa nukta ile haikuwa sayari?