Mafunzo Niliyopata Katika Kupanga Makontena Melini

Meli inayokuja bandari ya Kilindini, Mombasa, kuchukua chai, kahawa, ngozi na makontena matupu huanza kupakiwa kwenye kompyuta kabla haijafunga gati. Hiyo ndiyo kazi yangu, na haya ndiyo iliyonifunza.

1. Jua anwani kwanza, programu baadaye. Katika 140682, anwani ya nafasi ya kontena melini, 14 ni safu kutoka omo kwenda tezi, 06 ni mlolongo wa upande wa kushoto, 82 ni ghorofa ya kwanza juu ya sitaha. Safu za namba shufwa ni za futi 40, za witiri ni za futi 20.

2. Uzito mwingi chini si lazima uwe usalama. Mizigo mizito hukaa falkani na mepesi juu, kweli. Ila uzito ukizidi chini, meli huwa ngumu: wimbi likiilaza, hurejea wima kwa kishindo, ikaenda mrama upesi upesi, na makontena ya juu yakatikiswa hadi vyuma vya kufungia vikatike. Meli ya MSC Zoe ilipoteza makontena 342 katika Bahari ya Kaskazini usiku wa kuamkia Januari 2, 2019, na wachunguzi waliutaja uthabiti wake mkubwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo sitosheki kuona kiwango cha chini cha uthabiti kimefikiwa. Natazama kimepitwa kwa kiasi gani. Kikipitwa mno, napandisha baadhi ya makontena mazito hadi ghorofa ya 82, kisha programu ikokotoe upya nguvu zitakazovielemea vyuma.

3. Programu huamini uzito wowote inaopewa. Meli ya MSC Napoli ilipoharibika mwaka 2007, makontena yapatayo 660 ya sitahani yalipimwa. 137 yalitofautiana na hati zake kwa zaidi ya tani 3. Tangu Julai 1, 2016, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unadai kila kontena lenye shehena lithibitishwe uzito kabla ya kupakiwa. Lisilo na uthibitisho silipi nafasi, hata msafirishaji akinipigia simu usiku kucha.

4. Programu haina pua. Itatenganisha kemikali hatari vizuri sana kwa kanuni zake, lakini itaridhia chai ikae jirani na ngozi mbichi. Chai huvuta harufu, na ngozi huvuja. Kahawa nayo naiepusha na matangi ya mafuta yanayopashwa moto, isije ikatoka jasho.

5. Zamu ya bandari hubadilika. Foleni ya Mombasa ikiwa ndefu, meli huenda Dar es Salaam kwanza, na mzigo wa Dar uliolaliwa na wa Mombasa lazima ufukuliwe. Panapowezekana, kila bandari naipa mirundo yake ya makontena. Naitawanya pia mirundo hiyo kwa urefu wa meli, maana kreni mbili haziwezi kufanya kazi safu zilizopakana.

6. Afisa wa kwanza wa meli ndiye anayejua mafuta na maji ya farumi yaliyomo kweli. Mpango humfikia mapema, apate saa za kuhamisha farumi na kunikatalia.