SOMO LA BAJETI: MSAMAHA WA MZEE HAUNA BUDI KUWA NA FUNGU LAKE
Mfano wa Same na Milima ya Upare

Somo hili limekusudiwa watumishi wa Serikali, masheha, wajumbe wa kamati za vituo vya afya na wananchi wote. Madhumuni yake ni kueleza kwa nini ahadi ya matibabu bila ya malipo kwa wazee hutimia pahala pamoja na kukwama pahala pengine, ilhali sheria ni moja. Mfano umechukuliwa Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro, kwa kuwa mkoa huo ni miongoni mwa mikoa yenye sehemu kubwa ya wazee nchini. Katika Sensa ya mwaka 2022, watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi Tanzania walikuwa kiasi cha milioni 3.5, yaani karibu watu 6 katika kila 100.

1. Hali ya nchi
Mji wa Same umo bondeni, kando ya barabara kuu iendayo Arusha. Juu yake imesimama milima ya Upare Kusini, na kilele chake, Shengena, kinapita mita 2,400. Vijana wengi huteremka kutafuta kazi mijini. Wazee hubaki Chome, Mbaga, Vunta na Mamba, wakilinda mashamba ya tangawizi, migomba na maharage. Mzee mwenye shinikizo la damu huhitaji dawa kila siku ya mwaka. Akiikosa zahanati ya kijijini, hana budi kulipa nauli ya kuteremka mlima na kuupanda tena. Kwa hiyo matibabu yanayoitwa ya bure huweza kumgharimu zaidi ya bei ya dawa yenyewe.

2. Msamaha ulivyoanza
Tanzania Bara ilianza utaratibu wa kuchangia huduma za afya mwaka 1993. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikatamka kuwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila ya malipo. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango nje ya Dar es Salaam uliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6.

3. Hesabu ya zahanati moja
Ichukuliwe zahanati ya mfano yenye wazee 200 waliosamehewa. Ikiwa kila mmoja atahudhuria mara 6 kwa mwaka, na kila mara akapewa dawa za shilingi 5,000, gharama ni shilingi 6,000,000. Fedha hizo ni sawa na michango ya kaya 200. Mzee hakulipa, lakini dawa imenunuliwa. Hapana budi awepo aliyelipa. Endapo Halmashauri haikutenga fungu la kufidia msamaha, rafu ya dawa ndiyo inayolipa. Ikisha kuwa tupu, anayekosa ni mzee pamoja na yule aliyechanga, na mwakani mwenye kuchanga hachangi tena. Hivyo ndivyo msamaha usio na fungu unavyoubomoa mfuko wenyewe.

4. Njia ya fedha
Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo kituo hutayarisha mpango wake, ukaingizwa katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, ukapitishwa na Baraza la Madiwani, kisha ukapelekwa Serikali Kuu na hatimaye Bungeni. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo. Kwa sababu hiyo kamati ya kituo ndiyo yenye nafasi ya kwanza ya kuandika idadi ya wazee wake. Idadi isiyoandikwa kijijini haiwezi kuonekana Dodoma. Ifahamike pia kuwa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria imeitenga kwa mikopo imetaja wanawake, vijana na watu wenye ulemavu; wazee hawakutajwa kama kundi.

5. Fundisho la Mbiru
Watu wa Upare wana historia yao katika mambo ya michango. Katika miaka ya 1940 wakoloni waliwatoza kodi iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, ikaitwa mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya watu walikwenda Same, wakapiga kambi mbele ya makao ya wilaya. Mwaka uliofuata wanawake nao waliingia katika upinzani, na hatimaye kodi hiyo ikaondolewa. Hawakukataa kulipa kodi. Walichokataa ni makadirio ambayo mlipaji hakuelezwa msingi wake. Fundisho lingalipo: mchango hudumu pale mtoaji anapoonyeshwa hesabu.

6. Mfano wa Zanzibar
Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii kwa wakaazi waliotimiza miaka 70, bila ya kupima kipato. Kiwango cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiliongezwa. Faida yake kwa mpangaji wa bajeti ni wepesi wa hesabu: kwa kiwango cha mwanzo, wazee 1,000 walihitaji shilingi milioni 240 kwa mwaka. Fungu lilijulikana kabla ya ahadi kutolewa. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko maalumu wa kuwagharimia wasio na uwezo, na kuutajia vyanzo vya kodi.

7. Mambo ya kuzingatia
(a) Daftari la wazee lihuishwe kila mwaka kabla ya bajeti kuandaliwa.
(b) Gharama ya msamaha iandikwe katika kasma yake, isichanganywe na matumizi mengineyo.
(c) Mapato, matumizi na dawa zilizopokewa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kituo.
(d) Mzee asiyeweza kusafiri afuatwe na mhudumu wa afya alipo.

Kadi ya msamaha ni amana iliyo mikononi mwa Serikali, na amana haitimizwi kwa muhuri peke yake. Mzee akiifikisha kadi dirishani, aikute dawa.